Matonge ya Bi Japani

Rukia mwanangu,

Yule mwanamke wa Kijapani niliyekuwa nikikusimulia, aliyeuza matonge ya wali nje ya skuli yetu Unguja, hakuwa jirani. Alikuwa mama yangu mzazi. Ni bibi yako. Nimelificha jambo hili tangu kabla hujazaliwa, na mama yako, Mungu amrehemu, ameingia kaburini hakulijua.

Nimeyaandika maneno hayo mara nne, na mara tatu nimeichana karatasi. Sasa ni alasiri. Umekwenda Barking, upande wa pili wa London, kuwaaga rafiki zako na kuchukua lile begi, umesema utarudi kabla ya Magharibi. Kila gari linaposimama chini nakwenda dirishani, kisha narudi kitini nahema kama niliyepanda ngazi zote za jengo hili. Kesho saa nne asubuhi ndege yako ya Unguja inaruka. Barua hii ama utaikuta ndani ya pasipoti yako, ama itafuata zile tatu.

Habari za dawa za malaria na maji ya kuchemsha sitazigusa. Una miaka ishirini na minne, unakwenda kusomesha watoto wa watu, utajua la kufanya. Wala siurejei ugomvi wetu wa mwezi uliopita. Daktari alisema mbele yako kwamba moyo wangu umechoka, ukataka kuvunja safari, nikakukatalia, nawe ukamwambia mama yako mdogo kwenye simu kuwa baba yako ni shujaa. Nilikuwa chumba cha pili, nilisikia. Nisome kwanza hadi mwisho, halafu neno hilo ulibakishe au ulifute.

Mama alifika Unguja kwa meli akiwa na miaka kumi na sita, yeye na wasichana wenzake wanne kutoka Japani. Waliambiwa wanakwenda kufanya kazi ya hoteli. Nyumba waliyopelekwa, karibu na bandari, haikuwa hoteli, na mabaharia waliokuja pale hawakuja kutafuta usingizi. Yeye mwenyewe hakuwahi kunieleza. Nilielezwa na wavulana wa skuli, kwa namna wavulana wanavyoeleza mambo kama hayo. Baba yangu, aliyekuwa karani forodhani, alimtoa katika nyumba ile akamwoa. Mama akasilimu, akaitwa Maryam. Mtaani kwetu Ng'ambo wakamwita Bi Japani, naye akaitika. Jina alilopewa na mama yake sikumuuliza hata siku moja. Nina miaka sitini na nne, Rukia, na silijui jina la mama yangu.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka minane. Hapo ndipo mama alipoanza kuuza matonge. Unajua yanavyotengenezwa, maana mimi ndiye niliyekufundisha, lakini hukumwona yeye. Alipika wali kwa maji mengi kidogo kuliko tunavyopika sisi, ukanata. Alilowesha viganja, akavipaka chumvi, akauteka wali ungali unatoa moshi, wala hakuonyesha kwamba anaungua. Katikati alitia kipande cha embe bichi lililokaa wiki nzima kwenye chumvi, kwa sababu tunda la kwao lenye uchachu halikupatikana Unguja. Au alitia papa wa kuchoma, aliyechambuliwa. Akalibana mara tatu huku akiligeuza, pembe tatu zikatokea. Kwao tonge huvikwa jani la baharini. Yeye alilivika kipande cha jani la mgomba kilichopitishwa motoni ili kilegee.

Mwanzoni walimcheka. Wali wa baridi, bila mchuzi, wa kushikwa mkononi kama andazi! Nakumbuka mwanamke mmoja alisimama mbele ya sinia na kusema, "Bi Japani, wali wako umekosa mchuzi au mchuzi umekukimbia?"

Mama akamjibu, "Mchuzi si unao wewe nyumbani? Ulete tuuone, maana harufu yake hatujaisikia mwezi wa pili huu."

Wakacheka wote, na yule mwanamke akanunua mawili. Haukupita mwaka, matonge yale yakawa kitu cha kila siku. Wachukuzi waliyala wakienda bandarini, makarani waliyafunga kwenye leso, watoto waliyagombania. Hakuna aliyeyaona tena ya kigeni. Mtu aliamka, akanywa chai, akala tonge la Bi Japani. Nguo zangu zote na madaftari yangu yote yalitoka kwenye viganja vile.

Nilipofaulu kuingia skuli ya sekondari mjini, mama alifurahi, akasema atahamishia sinia lake kwenye lango la skuli, kwani wanafunzi wengi ndio wateja wengi. Usiku ule sikulala. Mtaani kwetu kila mtu alijua mimi ni wa nani, lakini kule mjini hakuna aliyenijua, na nilikwishasikia wavulana wakubwa wanavyosema kuhusu wanawake wa Kijapani na ile nyumba ya bandarini. Asubuhi nilimkuta uani anaosha mchele.

"Mama, pale skuli usiniite."

"Nisikuite vipi?"

"Usiniite mwanangu. Niuzie tu kama wengine."

Mkono wake ulisimama ndani ya maji. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua kabisa ninachokifanya, usije ukanitetea kwa umri.

"Kama wengine," alisema. Kisha akaendelea kuosha. "Basi na wewe upange foleni, baba. Wengine hupanga."

Na alitimiza. Miaka minne nilisimama kwenye foleni ya mama yangu. "Karibu, mwanafunzi. La embe au la papa?" Aliniuliza kila siku, yeye aliyejua kwamba papa hunipa vipele. Siku moja mvulana nyuma yangu alimtania, "Bi Japani, zile kazi za usiku umestaafu?" Wote wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao, ili nisikike. Mama akamfungia tonge lake, akampa, akasema, "Kula, mwanangu, unenepe, akili itafuata." Alimwita yule mwanangu. Aliniangalia mimi mara moja tu, haraka, kama mtu anayehakikisha kuwa mlango umefungwa.

Nilijifunza baadaye sana kwamba ukimwomba anayekupenda akusaidie kusema uongo, ataushika vizuri kuliko wewe, na hatakuachia hata ukitaka akuachie. Nilipokuwa mwalimu, mtu mzima, na baadhi ya wenzangu kazini wameshajua, yeye bado aliniita "Mwalimu" njiani na kunipisha.

Halafu yakaja Mapinduzi. Sitakusimulia yaliyotokea; umesoma vitabu vyenye maneno mengi kuliko yangu. Nitakusimulia dakika kumi tu. Ilikuwa wiki chache baadaye. Mguu wa mama ulikuwa umevimba, nikamsaidia kubeba sinia. Kwenye njia panda walisimama vijana wenye bunduki, si wa mtaani kwetu, wanauliza kila apitaye kwao wapi.

"We mama, kwenu wapi?"

"Hapa."

"Kabla ya hapa?"

"Kabla ya hapa nilikuwa mtoto."

Mmoja akacheka. Mkubwa wao hakucheka. Akanigeukia. "Na wewe unayembebea, huyu nani yako?"

Wiki ile walikuwa wamewachukua watu wawili mtaani kwa sababu ya nasaba zao. Nilikuwa na sinia mikononi, jani la mgomba limenigusa kidevu. Nikasema, "Muuza matonge tu. Namsaidia kubeba."

Kabla sijamaliza, mama alidakia, hata hakunitazama. "Mteja wangu huyo, mkongwe. Kazi yake kuchagua. Nyinyi msichague, kuleni, la embe hilo."

Wakala. Wakatupisha. Jioni, akiwa anajikanda mguu kwa maji ya moto, aliniambia, "Umejibu vizuri." Miaka thelathini nimeyasikia maneno hayo mawili ya mwisho wa siku ile, nimeyageuza huku na huku, na bado sijui kama alinisamehe au alinihukumu.

Utasema hofu ile ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Lakini mimi najua jambo ambalo wewe hungelijua nisingekwambia: jibu lile sikulitafuta. Lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu nina miaka kumi na mitatu.

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kutoka, nikaaga kuwa nakwenda masomoni. Alikuja bandarini na sinia lake, kwa sababu muuzaji ana haki ya kuwa popote penye watu. Alinipa matonge sita. Mbele ya maofisa nilimpa sarafu, naye akanirudishia chenji. Nilipoifumbata ile chenji kidole chake kilinishika kiganja kidogo, kisha akampigia kelele mteja mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoagana na mama yangu.

London ni mji mkubwa, lakini Wazanzibari wake ni kama chumba kimoja. Nilipofika niliwaambia watu kuwa nimesomesha Pemba, jambo ambalo ni kweli, na kuhusu wazazi wangu nikasema baba ameshatangulia, mama yuko nyumbani. Ilikuwa kauli fupi, ya kunipunguzia maswali. Nikapata kazi ya ukarani, nikapata chumba Wembley, halafu nikamwona mama yako.

Babu yako Sheikh Hamudi unamkumbuka akiwa mzee mpole aliyekuletea tende. Nilipopeleka posa alikuwa mtu wa kutisha. Alitaka kujua mimi ni nani, mtoto wa nani, mama yangu wa ukoo gani. Nikamwambia mama yangu ni Maryam binti Abdalla, na ameshafariki. Akainamisha uso. Nikadhani ameung'amua uongo. Kumbe macho yamemlenga machozi.

"Amefariki wewe ukiwa huku?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Na khitma amesomewa?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema hapana.

"Lo! Maskini. Haiwi, kijana wangu. Mtu haoi na mamaye hajasomewa. Jumamosi njooni kwangu, tutamsomea sisi. Mama yako ni mama yetu."

Rukia, ungekuwepo ungefanya nini? Mimi nilikuwa na njia mbili. Ningesema pale pale, "Sheikh, nimekudanganya, mama yangu yu hai, ni Mjapani, anauza matonge Ng'ambo, na kabla ya hapo alikuwa katika nyumba ambayo wewe ukiisikia utanitoa nje." Ama ningeshukuru. Nikashukuru.

Jumamosi ile walikuja watu ishirini na zaidi, wengine kutoka Tooting kwa mabasi mawili, kwenye mvua. Waligawana juzuu, wakasoma. Wanawake walikuwa jikoni na halua na kahawa. Sheikh Hamudi akaomba dua kwa sauti, akamtaja mama yangu kwa jina, akamwomba Mungu alipanue kaburi lake na kulitia nuru. Watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia. Sauti yangu niliisikia mwenyewe, ilikuwa thabiti. Mama yako alikuwa anachungulia kutoka jikoni, na baadaye aliniambia kuwa ni siku ile, aliponiona nimeinamisha kichwa, ndipo alipoamua kunikubali.

Watu walipokuwa wanatoka, mmoja alibaki nyuma akijifanya anatafuta viatu. Jina lake Nassor, mpishi wa meli. Alikuwa na wiki moja tu London. Tukawa wawili kwenye ngazi.

"Mwalimu," aliniambia, "juzuu yangu nimesoma yote, sikuruka hata aya. Lakini mwezi uliopita nilinunua matonge kwa mama yako. Akaniuliza kama kweli huku baridi inatoka na moshi mdomoni."

Nikamwambia, "Nassor, nisitiri."

"Nimeshakusitiri. Ningetaka kusema ningesema mle ndani, kabla ya halua." Akavaa kiatu kimoja, akakaa nacho. "Nikirudi nimwambie nini?"

Nikamsogezea kiatu cha pili. Akakivaa, akashuka.

Tangu siku ile mlango ukajifunga wenyewe. Nilikuwa nikimtumia mama vitu vidogo, vitambaa, dawa ya mguu, kwa mikono ya wasafiri, nikiwaambia waviache kwa jirani yetu. Sote tulituma hivyo, posta hatukuiamini. Sasa ni nani nimpe mzigo wa kumpelekea marehemu? Kila msafiri alikuwa ameinywa kahawa ya khitma yake. Nikaacha. Nilijiambia nitatafuta njia. Mwaka ukaisha, ukazaliwa wewe, na njia sikuitafuta.

Badala yake nilikuwa naamka mapema kukufungia matonge ya skuli. Mchele wa hapa ulinisumbua, hadi nilipojua kuutia maji zaidi. Embe la chumvi tulilifuata Tooting, wewe ukibebwa begani. Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza nani kanifundisha, nikasema jirani mmoja, Mjapani. Ukamchora. Ulimchora na sinia kichwani na macho yako mwenyewe. Mama yako akacheka, akasema, "Hebu mtazame, kamtia macho yake!" Nikamwambia watoto wote huchora hivyo. Picha ile niliichukua, nikasema nitaiweka mahali pazuri, na sikuiweka mahali popote. Niliichoma kwenye jiko la gesi. Niliiogopa, Rukia. Karatasi ya mtoto.

Na sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana kiza kinaingia.

Ulipopata kazi hii uliniambia kwa Kiingereza chako, huku unafunga viatu, kwamba kitu cha kwanza utakachofanya ukifika ni kulizuru kaburi la Bibi, na nikueleze liko upande gani. Nilikujibu, Mwanakwerekwe, karibu na ukuta. Nilijibu haraka hivyo hivyo kama nilivyojibu njia panda. Kisha nikakaa nikafikiri: utakwenda, utauliza, hakuna atakayekuonyesha kaburi la Maryam binti Abdalla. Nikasema afadhali nikutafutie kaburi la kweli. Nilikuwa na yakini kuwa mama ameshafariki. Angekuwa na miaka themanini na minne, na mguu ule. Nikamwandikia Asha, binti wa jirani yetu wa Ng'ambo, aliyekuwa mtoto mdogo nilipoondoka. Nilimwomba jambo moja tu: anieleze Bi Japani amezikwa wapi.

Majibu yalifika siku kumi na moja zilizopita. Ulikuwa kazini.

Asha anaandika vizuri, mwandiko mkubwa. Anasema Nassor alirudi, na hakusema kitu, lakini wengine walisema, na habari za khitma zikafika hadi uani kwa mama. Wanawake walimzunguka, wengine wanalia kwa hasira, wengine wanataka nilaaniwe. Mama aliwasikiliza huku anafunga matonge. Halafu akasema, "Wangapi wanaombewa dua wakiwa wanaisikia? Acheni kelele, wali unapoa." Asha anasema jioni ile alikwenda kuomba chumvi akamkuta amekaa gizani, taa ipo na mafuta yapo.

Hajazikwa popote. Bibi yako yu hai. Anakaa chumba kile kile, haoni tena vizuri, Asha ndiye anayeuza na yeye ndiye anayebana. Hajui kuwa wewe umezaliwa. Asha hajamwambia kuwa nimeandika; anangoja nimpe ruhusa, na ruhusa sijaitoa.

Siku kumi na moja nimekula nawe meza moja. Ungeniambia siku yoyote kati ya hizo kwamba unabaki unihudumie, ningekubali, na ningekuacha uamini kuwa ni kwa ajili ya moyo wangu. Na bado hilo si lote. Umeniona nikirefusha sijda zangu, ukadhani nakuombea safari njema. Sikuwa nakuombea wewe, Rukia. Kila sala, tangu barua ya Asha ilipofika, nimemwomba Mungu amchukue mama yangu kabla hujatua.